Upande wa Pili wa Uthibitisho

Chuo cha Ualimu, kando ya Mto Jialing
Jumapili, 9 Novemba 1986

Kwa Baba yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo jikoni, maana kwa baridi hii najua umeshahamishia kiti chako kando ya jiko na hung'oki hapo mpaka Machi. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma mwezi wa tisa, unaipaka au umeiweka kabatini uitunze? Kaka Shouhe namsalimu, na nimefurahi kusikia viazi vitamu vimewastawia mwaka huu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ile nyama ya moshi mliyonitumia imenijengea marafiki wengi ukumbini kwetu, wengine sikuwa nawafahamu hata majina.

Shemeji Yulian, najua ni wewe unayesoma kwa sauti, na nakushukuru. Ila leo nakuomba usome kila neno. Naijua tabia yako ya kuruka habari mbaya na kumalizia kwamba nawasalimu wote. Mwaka jana niliandika kuwa nimelazwa siku sita kwa homa ya mapafu, na Baba akanijibu kwamba amefurahi kusikia nimepata mapumziko. Moyo wako ni mzuri, shemeji, lakini barua hii ukiiruka utaiharibu.

Baba, uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mlango wa chumba cha ndani cha ile nyumba mpya unafunguka kuelekea wapi, ili ujue ubavu gani wa kabati unalotengeneza utakaa ukutani. La pili, kama umpe Shouhe meza yako ya useremala kabisa, au umwazime tu. Nilikaa na barua yako siku kumi bila kujibu, na si kwa sababu ya kazi. Nyumba tumeikosa. Nimeona nikuambie mwanzoni usije ukasikiliza kurasa zote hizi ukiwa na matumaini. Sasa nieleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba nyumba kumi za ghorofa ya chini, vyumba viwili viwili na bomba la maji ndani ya jiko, zingegawiwa kwa alama. Miaka ya kazi ina alama zake, ndoa ina zake, na makala iliyochapishwa ina zake. Mimi ndoa sina, Shemeji Yulian amenikumbusha katika kila barua, kwa hiyo nilihitaji makala. Makala ikatoka Septemba, na tarehe kumi Oktoba karatasi nyekundu ikabandikwa ukutani na jina langu likawa la tisa. Nilisimama pale nikawaza wewe unakinga maji bila kupanda zile ngazi za mawe mara mbili kwa siku. Nilikuandikia siku hiyo hiyo.

Hukuwahi kuniuliza makala ile inasema nini, nami sikukueleza, nikidhani utachoka. Lakini wewe ndiye uliyenianzisha. Nilikuwa na miaka saba uliponishikisha kamba kwenye msingi wa nyumba ya akina Geng, ukapima tatu huku, nne huku, na ukasema ikipatikana tano hapa katikati basi kona imekaa sawa, na isipopatikana tuvunje tuanze upya. Mafundi wote wanaijua hiyo tatu-nne-tano. Sababu yake ni kwamba tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, na ukijumlisha unapata ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Zipo nyingine nyingi za namna hiyo, hazina mwisho. Tano, kumi na mbili na kumi na tatu ni mojawapo.

Miaka thelathini iliyopita Mpolandi mmoja aliuliza swali ambalo mtoto wa shule analielewa. Je, hizo namba tatu zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe si mara mbili, bali mara nyingine zozote, kila moja kwa idadi yake, jumla inaweza kupatana tena? Tuseme tano izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara saba, kumi na mbili mara nne, kumi na tatu mara ngapi sijui. Yeye alikisia kwamba haiwezekani kabisa, kwamba mara mbili-mbili-mbili ndiyo njia pekee. Kwa tatu-nne-tano imethibitishwa. Kwa zote kwa jumla hakuna aliyeweza, na huku kwetu Sichuan walimu wengi wameigusa kazi hiyo, kila mmoja na kipande chake, mithili ya watu wanaolima mlima mmoja kwa matuta.

Tuta langu lilikuwa tano, kumi na mbili na kumi na tatu pamoja na ndugu zao waliokuzwa: kumi, ishirini na nne na ishirini na sita, kisha kumi na tano, thelathini na sita na thelathini na tisa, na kuendelea. Utadhani ukishamaliza ya kwanza umemaliza zote, upunguze tu ile namba iliyozikuza. Hapana. Vipeo, yaani zile idadi za kuzidisha, vikiwa tofauti, ile namba haitoki sawasawa kila mahali, inabaki imenasa upande mmoja. Na ukifuatilia inabaki wapi, unakuta njia ni mbili tu: ama kipeo cha kumi na mbili ndicho kikubwa kupita vyote, ama kipeo cha tano. Ukionyesha kwamba njia zote mbili zimeziba, umemaliza.

Njia ya kwanza niliiziba kwa kurasa kumi. Ni kazi nzuri, Baba, hata sasa naisema bila aibu. Ukurasa wa kumi na moja niliandika hivi: upande wa pili unathibitishwa vivyo hivyo. Kisha nikatia alama ya mwisho wa uthibitisho. Watu wa hesabu tunaandika maneno hayo kila siku. Msomaji akishaona umemtembeza njia moja, unamwachia nyingine aitembee mwenyewe, na kwa kawaida haendi.

Safari hii alikwenda. Idara yetu ilimpata mwalimu mpya mwezi Septemba, anaitwa Qiu Wanru, ana miaka ishirini na sita, mtoto wa mpiga chapa kutoka Langzhong. Ni mwembamba, anavaa koti la bluu lenye chaki mifukoni, na akitafuna mbegu za alizeti anapanga maganda mstari mnyoofu mezani. Mkuu wa idara, Mwalimu Mou, akampa heshima ya kuieleza makala yangu kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu katika kikao chetu cha Alhamisi, kile ambacho msemaji anasimama ubaoni na kuthibitisha mstari kwa mstari huku wengine wakinywa chai na kumkatiza.

Siku nne kabla ya kikao alinijia ofisini na karatasi zake. Aliniambia bila kuzunguka:

"Mwalimu Ran, ukurasa wa kumi na moja unasema upande wa pili ni vivyo hivyo. Nimejaribu siku tatu. Si vivyo hivyo."

Nikacheka. Nikamwambia aanze na kugawanya kwa nne, atafika.

"Nimeanza na nne, nimeanza na tatu, nimeanza na kumi na tatu," akasema. "Imebaki kuanza na wewe. Mimi naleta chaki, wewe leta chai."

Tulikaa kwenye darasa tupu mchana kutwa, na kesho yake tena. Jambo lenyewe fundi ataliona upesi. Kumi na mbili inagawanyika kwa nne na kwa tatu, ina mahali pa kushika. Tano haina. Kile nilichokuwa nimeshikia upande wa kwanza, upande wa pili hakipo, mkono unakwenda hewani. Tulipofika pale alipokwama, alikaa chini, akapangua maganda yake ya alizeti, na akasema kwa upole kwamba huenda inawezekana, lakini itahitaji wazo jingine kabisa, na wazo hilo yeye hana, na pengine mimi nalo sina. Nikakubali kwamba sina.

Akauliza ni lini orodha ya nyumba inathibitishwa. Nikamwambia Jumatatu ya tarehe ishirini na saba. Akasema Alhamisi koo lingemuuma na kikao kingeahirishwa. Hakunihubiria. Alikusanya chaki zake akaenda zake. Na kweli Alhamisi alikuja amejifunga skafu shingoni, akakohoa mbele ya Mwalimu Mou kikohozi kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, kikohozi cha mtu asiyejua kusema uongo. Wanafunzi walimletea peasi zilizochemshwa kwa sukari ya vibonge. Mimi nilikaa nyuma nikiona haya.

Nikamwendea Mwalimu Mou, nikamweleza pengo. Ni mtu mwema, Baba, miaka ile mibaya ya kuchoma vitabu alificha vitabu vya idara ndani ya pipa la mchele, usimfikirie vibaya. Alivua miwani akaisugua.

"Jarida letu linasomwa na nani, bwana?" akaniambia. "Wewe, mimi, na panya wa stoo. Chukua ufunguo kwanza, mlete mzee, akae kwenye joto. Halafu uzibe pengo lako taratibu. Pengo halina miguu, halitakimbia."

Nilimwambia nikishaingia ndani ya nyumba ile sitaliziba tena, najijua. Akaniuliza kama najua nani ni wa kumi na moja kwenye orodha. Nilijua. Ni Bao, yule wa fizikia anayepiga zeze la nyuzi mbili kila jioni, wimbo mmoja huo huo, na anakosea pale pale. Mou akasema, basi fikiria kwamba unampa Bao. Nilifikiria, na nakiri iliniuma.

Jumamosi nzima sikufanya lolote. Nilikwenda mtoni nikaangalia watu wakifua. Mara nilijiambia Baba ana magoti, na magoti hayasubiri hesabu. Mara nilijiambia kwamba kosa halijamdhuru mtu, hakuna daraja litakaloanguka kwa sababu ya tano na kumi na mbili. Yote hayo ni kweli, hata sasa nayaona ni kweli. Lakini nilijaribu kukuwazia umekaa ndani ya vyumba vile viwili, karibu na bomba, unaniuliza nilivipataje, nami nikikuambia kwa makala. Nikaona kwamba kila ukifungua maji ningeisikia ile sentensi ya ukurasa wa kumi na moja.

Jumatatu asubuhi nilipeleka karatasi mbili. Moja kwa jarida, mistari mitatu, kwamba upande wa pili wa uthibitisho wangu una pengo na dai zima naliondoa mpaka litakapozibwa. Nyingine kwa kamati ya nyumba, kwamba alama za makala ziondolewe. Katibu wa kamati aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimegombana na mtu. Kufikia saa sita jina langu lilikuwa limepigwa mstari, na Bao amesogea ndani. Jioni akaja chumbani kwangu na mfuko wa karanga za kukaanga, akanishukuru kana kwamba nilifanya kwa ajili yake. Ana watoto wawili na mama mkwe katika chumba kimoja. Nilikuwa sijui. Zeze lile alikuwa akilipigia nje kwa sababu ndani hapakuwa na mahali pa kuvutia upinde.

Basi watu wote wananisifu, Baba, na hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonichelewesha kuandika. Shemeji, hapa tafadhali usiruke, na usipunguze sauti.

Wote wanadhani nilipitiwa. Mwalimu Mou alisema mbele ya idara kwamba hata farasi mzoefu hujikwaa, na mwenye ujasiri ndiye anayekiri. Nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba sikupitiwa. Nilijua. Mwezi wa tano, wakati naandika makala, niliujaribu ule upande wa pili majuma mawili kamili. Nilikwama pale pale alipokwama Wanru. Tarehe ya mwisho ya kupokea makala za alama za nyumba ilikuwa ishirini, na ilikuwa tarehe kumi na tisa. Nikaweka karatasi ya kaboni, nikashika kalamu, nikaandika upande wa pili unathibitishwa vivyo hivyo. Mwandiko wa mstari ule ndio mzuri kuliko wote, nimeutazama tena juzi.

Nimewadanganya mara mbili, kwanza nilipoandika, na tena nilipoacha nisifiwe kwa kosa la bahati mbaya ambalo halikuwa la bahati mbaya. Wewe maisha yako yote hujawahi kufunga kona ambayo hukuipima, eti kwa sababu ya kona uliyoipima jana. Nimelelewa hivyo na bado nilifanya. Ningeweza kusema nilifanya kwa ajili yako, na kwa sehemu ni kweli, lakini sitaki ulibebe hilo. Nilitaka pia jina langu liwe kwenye karatasi nyekundu.

Jana nilimwambia Wanru. Niliona kwamba nikikuandikia wewe kabla ya kumwambia mtu anayeweza kunitazama usoni, nitakuwa nimejificha nyuma ya milima iliyo kati yetu. Nilimkuta maktaba, tukatoka nje, nikamwambia yote mpaka habari ya tarehe kumi na tisa. Alisikiliza huku akitazama viatu vyake. Kisha akasema:

"Nilijua tangu siku ile ubaoni. Mimi nilitumia siku tatu kupapasa mahali penye pengo, wewe uliweka kidole hapo kabla sijamaliza kuandika mstari. Mtu aliyepitiwa angeshtuka. Wewe hukushtuka, ulichoka tu."

Nikamuuliza kwa nini basi alijifunga ile skafu. Akasema alitaka kuona nitafanya nini nikipewa nafasi ya kutofanya kitu. Halafu akasema nilichelewa kuliko alivyotarajia, na kwamba zile peasi zilikuwa tamu kupita kiasi na mpaka leo hataki kuziona. Tulicheka, Baba. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo nikiwa na hatia.

Jumanne ijayo kuna kikao cha idara nzima. Nitasimama mwenyewe kikaoni niseme kwamba nilijua. Mou atavua miwani. Huenda watanipunguzia vipindi vya mwaka wa tatu, huenda wataniandika kwenye faili, siogopi sana. Ninachokiogopa ni wewe tu.

Kwa hiyo nisikilize kuhusu maji. Nyumba nyingine hazitajengwa kabla ya miaka miwili, na magoti yako nimeyanyang'anya miaka hiyo miwili. Hilo linaniuma na sitalipamba. Lakini nina likizo ya siku ishirini mwisho wa Januari. Mwambie Shouhe akate mianzi sasa, mikubwa, ikauke, atoboe vifundo. Mimi na yeye tutaleta maji kutoka chemchemi ya juu mpaka hapo jikoni, yamwagike ndani ya pipa bila wewe kupanda ngazi hata moja. Kabati limalizie tu, mlango ufunguke unakotaka wewe, tutaliweka hapo hapo nyumbani, na meza yako ya kazi usimpe mtu.

Na kuna jingine dogo. Wanru anaomba kuja nami siku kumi za mwanzo. Anasema upande wa pili hauwezi kufanywa na mtu mmoja, na kwao yule baba yake mpiga chapa ana watoto saba, hawatatambua kwamba hayupo. Shemeji Yulian, nakuona unavyotabasamu, nawe soma tu. Ni kwa ajili ya hesabu. Basi, si kwa ajili ya hesabu peke yake. Hajui kukohoa kwa uongo, lakini anakula pilipili kama mtu wa kwetu.

Niko vizuri, Baba. Naona ajabu kuandika hivyo baada ya yote haya, ila ni kweli. Asubuhi naamka na upande wa pili unanisubiri mezani ukiwa mweupe, haujaguswa, na safari hii sijui jibu wala sijifanyi najua. Sijakuwa na furaha ya namna hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Nisalimie akina Geng, na uwaambie ukweli wakiuliza habari ya nyumba, nami sitaona vibaya. Mbusu mtoto wa Shouhe shavu lile lisilo na jivu. Na kama una hasira nami, ambayo ni haki yako, ianze leo jioni hii hii baada ya chakula, uwe nayo mwezi wa kumi na mbili wote na wa kwanza pia ukipenda, ili nitakapofika iwe imeisha, tukae tule.

Mwanao anayekuheshimu,
Ran Shouzhi